Siti binti Saad na Nyimbo za Hiana

Kati ya majina ambayo hayajafutika vinywani mwa watu wa pwani, jina la Siti binti Saad limo mbele. Imepita zaidi ya miaka 70 tangu marehemu aiage dunia, na karibu wote wanaolitaja jina lake leo hawakupata kumwona kwa macho. Hata hivyo mtu akipita Magogoni au kwingineko Kisauni siku ya arusi, akasikia mwanamke anaimba kisa cha mume aliyemtenda au cha shoga aliyemgeuka, na ajue ya kuwa njia hiyo haikujifyeka yenyewe. Aliyetangulia kuipita hadharani, kwa lugha ya Kiswahili, akasikiwa kutoka Unguja hata Lamu, ni binti wa mfinyanzi wa vyungu kutoka shamba.

Siti aliimba mengi. Alisifu, aliomboleza, alitania na alionya. Lakini jambo moja lilirudi mara kwa mara katika nyimbo zake na za wenzake: hiana. Hiana ya mpenzi kwa mpenzi wake, ya mwenye nguvu kwa mnyonge, na ya hukumu kwa aliyekwenda kutafuta haki. Jambo hilo ndilo makala haya yatakalolifuata katika maisha yake.

KUZALIWA NA KULELEWA

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake asili yake ilikuwa Unyamwezi na mama yake Uzigua, nao walikuwa wa tabaka la watumwa. Zama hizo zilikuwa za Seyyid Barghash bin Said. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa tangu mwaka 1873, lakini kumiliki mtumwa kulikuwa bado ni jambo la sheria, na sheria hiyo haikuondoshwa mpaka mwaka 1897. Mtoto huyo hakuitwa Siti alipozaliwa. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, lilimjia baadaye, alipokwisha kujulikana.

Hakupata elimu ya skuli. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mama yake, ambaye alikuwa mfinyanzi. Mama alifinyanga, binti akatembeza. Alibeba vyungu kichwani akenda navyo mpaka mjini, na njiani alinadi bidhaa yake kwa kuimba. Sauti hiyo ilikwenda mbali. Watu walimjua kabla hajafika mlangoni, na wengine walitoka nje si kwa haja ya chungu bali kumsikiliza muuzaji. Hivyo basi, kipaji chake kilipata mazoezi juani, na mtu asiyejua kupaza sauti ikapenya vichochoroni alirudi shamba na vyungu vyake kichwani.

KUINGIA MJINI

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini Unguja. Mwaka huo huo ndipo Seyyid Khalifa bin Harub alipokalia kiti cha usultani. Katika siku hizo taarabu ilikuwa ni jambo la wakubwa. Inasimuliwa kuwa Seyyid Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri, akampeleka huko Mohamed Ibrahim kujifunza ala, naye aliporudi akawafunza wengine kupiga mbele ya Sultani. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, chama cha wanaume, nao waliimba kwa Kiarabu. Wasikilizaji wengi walipendezwa na sauti na ala, lakini maana ya maneno iliwapita.

Katika chama hicho alikuwamo mtu aitwaye Ali Muhsin. Huyu alimsikia Siti, akatambua kuwa pana kitu, akamfunza namna ya kuimba pamoja na ala. Haikuwa kawaida mwanamke kusimama mahali hapo, tena mwanamke wa asili ya utumwa kutoka shamba. Baada ya muda Siti akawa na kundi lake mwenyewe, wakiwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban, na Mbaruku ambaye alikuwa kipofu. Kwa udi, fidla na tari waliimba Kiarabu na Kihindi walipotakiwa, lakini jambo walilolifanya likageuza mambo ni kuimba Kiswahili.

Watu wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge ulio ng'ambo ya Mji Mkongwe, sasa walisikia taarabu na kuifahamu. Jioni baada ya jioni kundi lilikutana nyumbani kwa Siti. Hapo zilizungumzwa habari za mji: nani ameoa, nani ameacha, nani ameshitakiwa, nani amefungwa. Kutoka katika mazungumzo hayo zikatungwa nyimbo. Alialikwa katika arusi za matajiri, akaalikwa hata katika jumba la Sultani.

KEJELI ZA WENYE WIVU

Mwenye kupanda hupata wa kumvuta chini. Palitungwa nyimbo za kumkejeli. Walimkumbusha nguo duni aliyokuja nayo kutoka shamba, na sura yake ambayo hawakuiona kuwa nzuri, wakasema kuwa pasipo sauti asingekuwa kitu. Maneno hayo yaliimbwa mjini mzima ili yamfikie.

Siti hakwenda kugombana na mtu mlangoni. Alijibu kwa wimbo. Alisema, kwa maana yake, kuwa uzuri wa uso si hoja na kwamba kinachompa mtu thamani ni akili na mwenendo wake. Aliyetukanwa kwa wimbo akajibu kwa wimbo, na watu wakaona nani ametoka na heshima yake. Msomaji anayezijua arusi zetu ataitambua desturi hiyo mara moja, ingawa majibizano ya siku hizi mara nyingi hayana adabu ile.

SAFARI YA BOMBAY

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli wakenda Bombay, Bara Hindi, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Yeye anahesabika kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwa biashara. Kati ya mwaka huo na 1930 kundi hilo lilirekodi nyimbo zaidi ya 250, na santuri zake zikauzwa kwa makumi ya maelfu.

Ifahamike kuwa upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua kiasi cha dakika 3 au zaidi kidogo tu. Katika arusi wimbo ulikuwa ukirefushwa: ubeti ukarudiwa, watu wakatunza, ala zikachukua nafasi yao. Katika santuri hapakuwa na nafasi hiyo. Mwimbaji alilazimika kusema la maana na kumaliza. Huenda ndiyo sababu nyimbo zile zikashikika vichwani mwa watu upesi hivyo.

Gramafoni ilikazwa kwa mkono wala haikuhitaji stima, kwa hivyo ilifika penye nyumba za makuti kama ilivyofika penye maghorofa. Mwenye mkahawa aliyekuwa nayo alipata wateja. Siku hizo mtu wa Kisauni aliyetaka kwenda mjini Mombasa alivuka maji kwa chombo, kwani daraja la kwanza la Nyali, lile la kuelea, lilijengwa mwaka 1931. Sauti ya mwimbaji wa Unguja haikungoja daraja. Kufika mwaka 1930 makampuni mengine ya santuri nayo yalikuwa yakitafuta waimbaji katika pwani hii, kwa kuwa Siti alikwisha kuwaonyesha kuwa Waswahili watatoa fedha kununua sauti zao wenyewe.

HIANA KATIKA FUMBO

Utungo wa pwani una namna yake ya kulalamika. Mtu aliyetendwa hasemi kwamba fulani bin fulani ameniacha. Husema amepanda mwembe, ameutilia maji, na sasa embe zinaliwa na mpita njia. Husema ameunda chombo, na chombo kimeng'oa nanga na nahodha mwingine. Husema amefuga ndege, ndege ameota mbawa. Aliyefanya hiana akiusikia wimbo hujijua, na wengine hubaki wakiulizana ni nani.

Fumbo hilo si pambo tu. Lina kazi ya sitara. Dini yetu imetufunza kufunika aibu za wenzetu, na mtu mstaarabu huona haya kutoa ya nyumbani akayaweka barazani. Lakini moyo uliojeruhiwa nao hauwezi kunyamaza daima. Fumbo linampa aliyedhulumiwa pa kutolea uchungu wake bila ya kumvua nguo aliyemdhulumu. Siti na wenzake walikuwa mabingwa wa njia hiyo, na nyimbo za mapenzi za kundi lake zimejaa maneno ambayo kila msikilizaji aliyapima kwa kisa chake.

Tena, kabla yake, mwanamke aliyetendwa alikuwa na ngoma za wanawake wenziwe, ndani ya ua. Siti aliyatoa malalamiko hayo mbele ya watu wote. Mwanamume aliyekuwa ameketi mkahawani akanywa kahawa yake huku akisikia, pengine kwa mara ya kwanza, hiana inavyoonekana kutoka upande wa pili.

KISA CHA KIJITI

Lakini uko wimbo mmoja ambao ndani yake Siti aliacha fumbo. Ni wimbo wa Kijiti, nao ulitokana na mauaji yaliyotokea kweli Unguja. Mwanamke mgeni, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alichukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti kwenda kustarehe, na ulevi ukawamo. Mwanamke huyo alikuwa mja mzito. Hakurudi akiwa hai. Kijiti akatoroka, akavuka bahari mpaka bara.

Kesi ilipofika mahakamani, aliyeua hakuwapo. Waliokuwapo ni mashahidi, wanawake waliojua yaliyotokea wakaenda kusema. Hasira ya hakimu ikawaangukia wao. Waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa kuwa walihusika na pombe ile, na muuaji akabaki huru ng'ambo ya maji.

Tazama basi hiana ngapi zimo katika kisa kimoja. Mgeni amehiniwa na mwenyeji, na mwanamke na mwanamume aliyemtoa nyumbani. Mwisho wa yote, waliosema kweli wamehiniwa na hukumu. Mahakama hizo zilikuwa chini ya serikali ya Waingereza, na mnyonge wa Ng'ambo hakuwa na gazeti la kuandika wala wakili wa kumsemea. Alikuwa na wimbo. Siti aliutaja uovu huo waziwazi, akalitaja na jina la aliyeutenda, wimbo ukaingia katika santuri na ukavuka bahari ile ile aliyoivuka Kijiti. Serikali haikumleta muuaji kizimbani, lakini jina lake halikupata pa kujificha, na mpaka leo halijapata.

Hapa ndipo mtu anapoweza kuuliza: imekuwaje mwenye kusitiri katika mapenzi akafichua katika mauaji? Jibu si gumu kwa mwenye kufikiri. Kosa la mpenzi ni aibu ya watu wawili, na sitara inalifaa. Kumwaga damu na kumfunga shahidi si aibu ya nyumba ya mtu, ni dhulma, na dini ile ile iliyotuamrisha kusitiri imempa aliyedhulumiwa ruhusa ya kupaza sauti. Aliyekufa hawezi kupaza, basi mwingine alimpazia.

Wako maulamaa wanaoukataza muziki wa ala, na anayeishika kauli hiyo anazo hoja zake. Makala haya hayakuja kuamua jambo hilo. Lakini hata asiyesikiliza taarabu anaweza kupima mwenendo wa mtu aliyejua lini afunike na lini afunue.

WENZAKE WA MBALI

Machungu ya hiana hayana nchi. Miaka hiyo hiyo, katika mji wa Buenos Aires nchini Argentina, watu walikuwa wameshikwa na muziki wa tango. Mwimbaji wake mkubwa, Carlos Gardel, alikuwa naye mtoto wa maskini: mama yake alipiga pasi nguo za watu na kumlea bila ya baba. Mwaka 1917 Gardel aliimba Mi noche triste, wimbo ambao maneno yake yalitungwa na Pascual Contursi, unaoeleza majonzi ya mwanamume aliyeachwa na mwanamke. Tangu hapo nyimbo nyingi za tango zikashika njia hiyo: msichana anahama mtaa wa wanyonge kumfuata tajiri, rafiki wa kuaminiwa anamchukua mpenzi wa rafikiye, na aliyeachwa anabaki kunywa na kukumbuka. Gardel alifariki tarehe 24 Juni 1935 katika ajali ya ndege mjini Medellín, Colombia, na watu wa Argentina walimlia kama ndugu yao.

Vijana wa klabu za dansi wa Mombasa walilijua tango kwa miguu. Maneno yake yalikuwa ya Kihispania, nayo yakawapita, kama Kiarabu cha taarabu ya kwanza kilivyowapita watu wa Ng'ambo. Lau wangeyafahamu, wangeona jambo la kupima. Katika tango nyingi anayelia ni mwanamume, na mwanamke ndiye mkosaji asiyepewa nafasi ya kujibu. Kwa Siti, mwanamke ndiye mwenye kauli. Na ingawa Gardel na Siti wote wawili walitoka katika unyonge wakapandishwa na sauti na santuri, Siti alikuwa na mzigo zaidi, kwa kuwa alizaliwa katika nchi ambayo sheria yake iliruhusu mtu kumilikiwa na mtu.

MWISHO WA SAFARI

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, Siti alikuwa mtu mzima. Mtunzi Shaaban Robert wa Tanga alikutana naye katika siku zake za mwisho, akachukua habari za maisha yake, akaziandika katika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichotoka baada ya yeye kufariki na ambacho kimesomwa na wanafunzi wengi wa skuli. Mtu ambaye hakufunzwa kalamu akaandikiwa maisha yake na bingwa wa kalamu. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Baada yake walikuja wengi. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kama Bi Kidude, aliziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, hata alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Katika pwani ya Kenya, Juma Bhalo na Zein l'Abdin waliimba majonzi ya mapenzi kwa ufundi ambao wapenzi wa taarabu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa. Nako Tanzania, chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa gazeti lake jina la Sauti ya Siti. Wanawake hao walitaka jina litakalobeba maana ya kuwasemea wasiosikiwa, wakaliona hilo latosha.

Waimbaji wa leo wamerithi kwa Siti ruhusa ya kusema. Wengine wameitumia ruhusa hiyo kupigana vijembe arusini, jirani akamwaibisha jirani yake mbele ya watoto, kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa kubisha hodi na kuombana radhi. Hao wameshika ukali wa Siti wakaiacha mizani yake. Mizani hiyo ilikuwa na pande mbili: fumbo kwa aibu ya mtu, na jina wazi kwa dhulma iliyokosa hakimu. Mwanamke wa Magogoni anayetunga wimbo wake leo, akaipima hiana aliyotendewa katika mizani hiyo kabla ya kuutoa mdomoni, huyo ndiye mrithi wa haki wa binti wa Fumba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad, amsamehe makosa yake, na alipokee jema alilolifanya kwa ajili ya wanyonge. Amin.